Fomu ya mkopo hujazwa na ukoo mzima

Watu wakizungumzia kuwasaidia wanafunzi wa chuo kikuu huanza na pesa. Mimi ningeanza na cheti cha kuzaliwa.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga mjini. Fotokopi, skana, printa, madaftari, bahasha za kaki, na kuanzia Juni hadi Septemba kazi moja inayomeza nyingine zote: fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nilisoma sosholojia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa kwanza kwa baba na kwa mama kuvuka kidato cha nne, nikarudi nyumbani nikafungua duka. Vijana wananiita dada, wazee wananiita mwanangu, na wote kwa pamoja wanaamini nimeajiriwa na Bodi. Nimeshachoka kukanusha.

Fomu ina jina la mwombaji mmoja, lakini benchi langu hukaliwa na ukoo. Kijana yupo, mama yupo, mjomba yupo kwa sababu ndiye mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, na mara nyingi yupo bibi, ambaye hasomi wala haandiki ila ndiye pekee anayekumbuka mtoto alizaliwa msimu gani na aliandikishwa na nani. Bibi ndiye shahidi mkuu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abubakari Omari. Cheti cha kidato cha nne kinasema Bakari Omary, kwa y. Nyumbani na mtaani wote wanamwita Beka. Kompyuta haimjui Beka, na Abubakari na Bakari inawaona watu wawili. Hapo tunaanza safari ya kwa wakili kuapa, na wakili naye anataka chake.

Cheti kikishapatikana kazi haijaisha. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa mtandao: unaskani, unapandisha, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unasubiri. Aliyezaliwa Pemba au Unguja, na Tanga tunao wengi, uhakiki wake unafanyika kwa wakala wa usajili wa Zanzibar. Mama wa Kipemba anayeuza samaki Makorora huambiwa hivyo akakutazama tu, kama vile umemtuma arudi na jahazi.

Na aliyefiwa na mzazi ana kazi zaidi. Kwenye vigezo vya mkopo yatima anatajwa mwanzo mwanzo, pamoja na mwenye ulemavu na anayetoka kaya maskini inayohudumiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Lakini yatima lazima alete cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Huku kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri ameshazikwa. Watu wanakimbilia sanda, kaburi na maji ya kuoshea. Nani atakumbuka kufuata cheti? Miaka kumi baadaye mtoto amepata daraja la kwanza, na anahitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba baba yake, ambaye mtaa mzima ulimzika, kweli alikufa. Anayestahili kuliko wote ndiye anayekosa ushahidi.

Tukivuka hapo, fomu inachapwa, inasainiwa na mdhamini, inapelekwa serikali ya mtaa ipigwe muhuri, inapelekwa kwa hakimu au wakili, inarudi dukani, inaskaniwa, inapandishwa. Ada ya maombi kwa miaka mingi imekuwa Sh 30,000. Kabla ya mambo ya kupandisha mtandaoni, bahasha nzima ilikwenda kwa EMS, na foleni ya posta nilipanga mimi mwenyewe.

Halafu mwenye fomu anaweza kuwa hayupo kabisa. Wahitimu wengi wa kidato cha sita wanaitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, na mafunzo yanaangukia miezi ileile ya dirisha la mkopo na la udahili. Kijana yuko Maramba anakimbia mchakamchaka, au yuko kambi ya mkoa mwingine kabisa, na mama yake yuko kwangu ameshika karatasi yenye nywila aliyoandikiwa kwa kalamu ya risasi. Maofisa wa Bodi wamewahi kuzifuata kambi na kuelimisha vijana hukohuko, jambo jema sana. Ila vyeti haviko kambini. Viko kwenye begi chini ya kitanda cha mama, Mwanzange.

Sasa linganisha na nyumba ambayo shangazi mmoja tu aliwahi kusoma chuo. Haya yote yalianza mapema mno, mtoto akiwa kidato cha tano. Shangazi alipiga simu: jina la mtoto limekaaje? Cheti kimehakikiwa? Mdhamini ni nani? Kozi gani zina mkopo zaidi? Mtoto wa nyumba hiyo si lazima awe na akili kuliko Beka, wala si lazima awe na pesa kuliko Beka. Ana shangazi.

Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema, na ndilo ambalo mipango yetu mingi hailioni: umaskini na kuwa wa kwanza kwenda chuo ni vitu viwili. Mara nyingi vinatembea pamoja, lakini si sikuzote. Ninaye mteja, mfanyabiashara wa vitenge, ana fremu mbili na gari. Ada ya binti yake alilipa siku moja. Lakini binti alipofika chuoni hakujua kwamba kuna kusajili kozi mtandaoni kila muhula, akahudhuria vipindi vizuri kabisa huku mfumo haumtambui. Baba yake alikuwa na uwezo wa kumnunulia kompyuta, hakuwa na uwezo wa kumwambia hilo. Kwenye vigezo vyetu binti huyu haonekani popote, na sidai apewe mkopo. Nadai aonekane.

Wamarekani walilitenganisha hili zamani kidogo. Mwaka 1965, tarehe 8 Novemba, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya elimu ya juu, akaisainia San Marcos, Texas, kwenye chuo alichosoma yeye mwenyewe. Kutokana na juhudi za miaka ile ikakua mipango inayoitwa TRIO. Mmoja unawashika wanafunzi wakiwa bado sekondari, mwingine unawafuata ndani ya chuo: kufundishwa ziada, kusaidiwa kujaza fomu za fedha, kushauriwa kozi. Anayelengwa ni mwenye kipato kidogo, mwenye ulemavu, au yule ambaye wazazi wake hawana shahada. Hilo la mwisho linaulizwa kama swali la kujitegemea. Sisemi Marekani ni peponi, ada zao zinatisha. Nasema wameuliza swali.

Mtu ataniambia: kwetu karibu kila mtu ni wa kwanza, sasa mtamsaidia nani? Ni hoja. Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilianza 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria ambao hawakufika hata 20. Kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Kwa hesabu hiyo, familia yenye wasomi vizazi vitatu hapa nchini ni ya kutafuta kwa tochi. Lakini hazikutawanyika sawa. Zipo wilaya ambazo kila kijiji kina profesa wake, na zipo mitaa ya Tanga ambayo mwenye shahada anajulikana kwa jina na kwa nyumba.

Kwa nini Tanga, wakati Wajerumani walijenga shule ya serikali hapa tangu miaka ya 1890 wakitafuta makarani waliojua kusoma na kuandika Kiswahili? Shule haikukosekana. Ila elimu nyingi ya enzi za ukoloni ilipitia misheni, kama ile ya Magila kule Muheza, na mzazi Mwislamu wa pwani aliogopa mtoto aende na dini moja arudi na nyingine. Upande wa mashamba ya mkonge kulikuwa na manamba, watu walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakahesabiwa kwa kadi, na watoto wao wakazaliwa kambini. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemletea fomu yoyote isipokuwa ya kuhesabu siku za kazi.

Serikali ya Uhuru ilijaribu kusawazisha. Kulikuwa na kwota za mikoa na wilaya katika kuchagua wanaokwenda sekondari, ili nafasi zisiende zote kule shule zilikotangulia. Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Nia ilikuwa nzuri, lakini wanawake wakapungua vyuoni mpaka sharti hilo likalegezwa kwao, kwa sababu msichana akishakaa nyumbani miaka miwili mara nyingi ameshaolewa. Baadaye Mlimani wakaja na mafunzo ya awali kwa wasichana waliotaka uhandisi na alama zao zilipelea kidogo: wiki kadhaa za kunolewa hisabati na fizikia kabla ya kuingia. Hiyo naipenda kuliko zote, maana haikumpa mtu nafasi kisha ikamwacha azame.

Tangu 2016 ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa na ya kidato cha tano na sita. Ndiyo maana benchi langu limejaa kuliko zamani. Mlango wa chini umefunguliwa sana, wa juu haujapanuliwa kiasi hicho, na wanaofika katikati ni watu wasio na shangazi.

Tuje kwenye pesa basi.

Swali la kwanza la wazee wa hapa si kiasi gani. Ni: mwanangu, hii si riba? Nimeona mzee wa Chumbageni akikunja fomu na kuitia mfukoni, akasema mtoto atasoma kwa jasho la baba au hatasoma. Nilimweleza ninachokijua. Kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na faini ya asilimia 10 kwa anayechelewa. Zote mbili zilifutwa 2021. Makato kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na muda wa kusubiri baada ya kuhitimu ni miezi 24. Kwamba hilo ni halali au la, nikamwambia aende kwa sheikh wake, mimi nauza fotokopi. Alikwenda. Wiki iliyofuata alirudi na fomu imenyooshwa. Ofisa wa mkopo anayekuja na bango la rangi asiyekuwa tayari kwa swali la riba, Tanga hajafika.

Bumu lenyewe, yaani pesa ya chakula na malazi, lilipanda kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Linatoka kwa mikupuo, na mkupuo wa kwanza wa mwaka wa kwanza haufiki siku unayofika wewe. Kuna kusajiliwa, kuna akaunti ya benki, kuna kusaini. Wiki hizo za kungoja ndizo zinazorudisha watu nyumbani, na hakuna mfuko wa chuo ninaoujua mimi uliowahi kuziziba kwa mtoto wa mtaani kwetu. Kilichoziba ni mchezo, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Mama yangu alikuwa anauza maandazi na vitumbua, akicheza mchezo na wenzake wa barabara yetu. Alimwendea kijumbe mapema kabisa akamwomba zamu ya Oktoba. Kijumbe naye akawaomba wawili waliokuwa mbele yake wasogee. Hao wanawake hawajawahi kuingia kwenye ripoti ya chuo chochote, na ndio walionilipia mwezi wa kwanza Dar es Salaam: nauli, godoro, ndoo, kadi ya bima, ambayo kwa mwanafunzi ilikuwa Sh 50,400 kwa mwaka kupitia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya.

Na bumu likishatoka, sehemu yake hurudi Tanga kwa simu jioni ileile. Mdogo wako anadaiwa sare, bati limetoboka, bibi presha imepanda. Kila semina ya matumizi bora ya fedha niliyoikalia chuoni ilinitazama kama mtu mmoja mwenye tumbo moja. Mtaalamu alichora duara, akaligawa: chakula, nauli, vitabu, burudani. Mama hakuwemo kwenye duara.

Chuoni msaada upo, tusiseme haupo. Kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kuna ushauri nasaha, kuna dawati la mikopo, siku hizi kuna na madawati ya jinsia, na Mlimani kuna kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum. Shida ni namna ya kuyafikia. Nilikotoka mimi ofisi ya mwalimu ni mahali pa kuitwa, si mahali pa kwenda. Ukiitwa, fimbo. Leo unaona mlangoni kwa daktari fulani wa falsafa karatasi yenye saa za kuonana na wanafunzi, unaipita kwa heshima zote ukiinamisha kichwa. Wenzangu waliosoma shule za maana walikuwa wanaingia, wanakaa, wanauliza kwa nini wamepata B. Nilidhani wana undugu naye.

Lugha nayo. Mtoto wa Tanga ukimpa Kiswahili atakusimamisha saa nzima. Kwenye semina ya Kiingereza anakuwa bubu, na mwalimu anaandika hashiriki. Kuna kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, inasaidia kuandika insha, haisaidii kuinua mkono. Kilichonisaidia mimi ni kikundi cha kudiskasi, wasichana wanne chini ya mti, Kiswahili kwanza mpaka tuelewe, ndipo tunakivisha Kiingereza cha mtihani. Nilikopata kikundi hicho ni kwa msichana wa Lushoto aliyenibeba. Nieleze kwa wasiojua: ukikosa chumba hosteli, mwenye kitanda anakulaza naye, mnabebana. Kanuni haziruhusu. Yeye ndiye aliyeniambia madesa, yaani noti za masomo, yanatolewa wapi kopi, yupi ukikosa kipindi chake umekwisha, na wapi chakula cha bei ya kimaskini kinashibisha. Nilipokwenda ofisi moja kuuliza hayohayo, jina lake nalihifadhi, niliambiwa nikasome tangazo ubaoni.

Kama kuna kitu kimoja ningetaka kila mzazi wa hapa akijue, ni kuahirisha masomo. Mwanafunzi akiugua, akifiwa, akipata mtoto, akiishiwa kabisa, anaweza kuandika barua, kupitia idara yake na kwa mshauri wa wanafunzi, aombe kusimama na kurudi baadaye, na kuwajulisha dawati la mikopo. Wa kwetu hawaandiki. Wanapanda basi usiku, wanashuka Kange alfajiri, wanasema wako likizo. Chuo kinamsubiri kwenye mtihani, hayupo, anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Mtu aliyefiwa na baba anahesabiwa sawa na aliyefeli. Nimekutana na vijana hao mjini wakiendesha bodaboda, GPA zao zilikuwa nzuri.

La pili, fupi: dirisha la rufaa. Ukikosa mkopo au ukipata kidogo, Bodi hufungua rufaa. Usilie, kusanya karatasi ulizokosa mwanzo, rudi. Ada nayo vyuo vingi hupokea kwa awamu. Na ambaye alama hazikutosha au umri umesogea, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Tanga na kozi ya msingi ya kumuandaa. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Aibu ya kusoma huku unauza duka ni ya kujitakia.

Chuo Kikuu cha Mzumbe wanajenga kampasi Mkinga, chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu. Nimefurahi, na nina ombi. Kabla ya jengo la mshauri wa wanafunzi kupakwa rangi, leteni meza moja mjini mwezi wa Julai. Wa kuikalia wapo bure. Likizo ndefu ya vyuo inaanguka palepale fomu zinapojazwa: wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wamerudi nyumbani, wengine wako fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye ofisi za halmashauri, wengine wamekaa barazani wanacheza bao. Hawa ndio shangazi ninaowasema. Wanakumbuka kila kosa la fomu, maana kidonda bado kibichi. Chuo kingewapa barua ya kuwatambua na nauli ya daladala, na kazi hiyo ikahesabika kwenye fildi ya anayesomea ualimu au maendeleo ya jamii, tungeokoa watu wengi kuliko kwa mabango.

Mimi sijasubiri. Sharti langu kwa ninayemjazia fomu bila malipo ni kwamba likizo ya mwaka unaofuata anakaa kwenye benchi langu alasiri kadhaa, anawasaidia wengine. Baadhi wanakwepa, wanapitia barabara ya nyuma. Wengi wanakuja. Imamu wa msikiti wa jirani ametukubalia kutangaza baada ya Ijumaa, kanisani nao wametusomea tangazo Jumapili, na mtendaji wa mtaa ameahidi siku moja ya wiki kuja na muhuri wake dukani, badala ya kina mama kumfuata. Msimu ujao tunataka kwenda Pangani, maana wa kule hutumia siku nzima na nauli mbili kuja kuskani karatasi moja. Nauli yetu tutachanga. Anayetaka kuungana nasi aje na kalamu ya wino mweusi na bando lake mwenyewe.